Carlo Guzzi, fundi aliyelaza silindri

Mu safu yetu ya maisha ya watu wakubwa wa zamani, leo tunaenda Italia, pembeni ya ziwa Como, mu muji mudogo unaoitwa Mandello del Lario. Tunaenda kutafuta mutu moja aliyekufa mwaka 1964, na jina lake mupaka leo linaandikwa ku tanki za pikipiki: Carlo Guzzi. Wengi wetu tunaona neno Moto Guzzi na tunafikiri ni marki tu, sawa marki ya sabuni ao ya saa. Hapana. Guzzi alikuwa mutu wa nyama na damu, fundi wa moteri, na mashini zile zilitoka mu kichwa chake mbele ya kutoka mu kiwanda. Jambo la kushangaza ni hili: kampuni ilibeba jina lake, lakini yeye hakukuwa mwenye kampuni. Alilipwa juu ya kila pikipiki iliyotoka, basi. Namna gani ilifika vile? Tuanze ku mwanzo.

Watu watatu na ndege za vita

Carlo Guzzi alizaliwa Milano, tarehe 4 mwezi wa munane 1889. Kisha familia ikahamia Mandello, kule ku ziwa, na Carlo akapenda mashini kuliko kitu chochote. Pale Mandello kulikuwa fundi moja wa chuma, Ripamonti, mwenye karakana ya kutengeneza kila kitu kilichovunjika, na mu karakana ile kijana Guzzi alipitisha masaa mengi. Alikuwa anaangalia moteri za wakati ule na anaona makosa yake. Pikipiki za zamani zilikuwa sawa kinga iliyofungiwa moteri: mafuta yanamwangika, mukanda unateleza, kila kilometa chache mutu anashuka kutengeneza. Guzzi alikuwa na picha ingine mu kichwa, lakini hakukuwa na feza ya kuitoa kule.

Vita ya kwanza ya dunia ikamuchukua. Akatumika mu jeshi la maji la Italia, upande wa ndege, kule karibu na Venezia, kama fundi wa moteri. Pale akakutana na vijana wawili waliokuwa wanarusha ndege. Wa kwanza ni Giorgio Parodi, mutoto wa familia ya matajiri wa Genova, watu wenye meli. Wa pili ni Giovanni Ravelli wa Brescia, ambaye mbele ya vita alikuwa tayari anajulikana mu mashindano ya pikipiki. Wenye kurusha ndege na fundi wanajuana haraka, juu maisha ya moja iko mu mikono ya mwingine. Kama fundi amekaza vibaya, mwenye kupanda harudi.

Usiku na mchana Guzzi alikuwa anawaeleza pikipiki yake. Wale wawili wakaamini. Wakapatana kama vita ikiisha watafanya kazi pamoja: Guzzi atachora na kutengeneza, Parodi atatafuta feza kwa baba yake, na Ravelli atapanda pikipiki mu mashindano ili watu waijue. Kidole kimoja hakivunje chawa, na hawa watatu kila mumoja alikuwa na kidole chake.

Vita ikaisha. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1919, muzee Emanuele Vittorio Parodi, baba ya Giorgio, akamuandikia mutoto wake barua. Alikubali kutoa lire 1500 ao 2000 kwa kujaribu, lakini kwa sharti feza ile isipite pale, na yeye mwenyewe abaki na haki ya kuangalia mupango wote mbele ya kuendelea. Ni maneno ya mutu wa biashara: kujaribu sawa, kucheza na mali hapana.

Lakini wale watatu hawakufika watatu. Tarehe 11 mwezi wa munane 1919, Ravelli akaanguka na ndege na akakufa. Vita yote alipita, amani ikamuua. Guzzi na Parodi hawakutafuta mwingine wa kukaa mu nafasi yake. Walichukua alama ya warushaji wa ndege wa jeshi la maji, tai mwenye mabawa wazi, na wakaiweka ku pikipiki yao juu ya kumukumbuka. Tai ule njo tunaona mupaka leo. Wengi wanamuona kama urembo tu, kumbe ni kaburi la rafiki.

Pikipiki ya ajabu, na ile ya kuuza

Guzzi akarudi mu karakana ya Ripamonti na akaanza. Pikipiki ya kwanza ilikuwa tayari karibu na mwaka 1920. Iliitwa GP, njo kusema Guzzi na Parodi. Ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule: silindri moja, lakini supape nne, na juu yake muti wa kusukuma supape uliozungushwa kwa meno ya chuma. Mambo haya mu 1920 yalikuwa karibu mambo ya ndege ya vita. Na ni kweli: Guzzi alichukua akili ya ndege na kuishusha ku barabara.

Lakini muzee Parodi akaangalia na akauliza swali ambalo kila mwenye duka anauliza: itauzwa bei gani? Ilikuwa bei kali sana kutengeneza. Guzzi hakukasirika na kutupa vyombo chini. Alirudi ku meza na kutoa yote ambayo mununuzi hawezi kulipa. Supape nne zikakuwa mbili. Muti wa juu ukaondoka. Vilivyobaki vilikuwa vile vya maana, na vile hakugusa.

Jina GP vilevile likaondoka. Herufi zile mbili zilikuwa pia herufi za Giorgio Parodi, na Parodi hakutaka watu wafikiri kazi ni yake peke yake. Yeye mwenyewe njo aliomba jina la fundi litangulie. Tarehe 15 mwezi wa tatu 1921, kule Genova, kampuni ikaandikwa kwa jina la Moto Guzzi. Ofisi Genova, kiwanda Mandello. Mali ilikuwa ya familia ya Parodi. Guzzi akapata jina ku tanki na malipo juu ya kila pikipiki iliyotengenezwa.

Tukumbuke vizuri mukataba ule, juu wafanyakazi wengi wa mashini wangeusoma kwa macho mbili. Upande moja, mutu anaona jina lake mu dunia nzima na nyumba si yake. Upande mwingine, kila pikipiki inayotoka mulangoni inamuletea kitu, na kama biashara inaanguka, deni si lake. Guzzi alikubali na hakuhama Mandello. Alitumika na familia ile maisha yake yote.

Pikipiki ya kuuza iliitwa Normale, neno linalosema ya kawaida. Mwaka ule wa kwanza zilitoka 17 tu. Lakini mu miaka michache walitengeneza zaidi ya 2000.

Kwa nini alilaza silindri

Hapa tusimame kidogo, juu hapa njo iko akili ya Guzzi, na wenye kutumika na mashini wataielewa haraka.

Pikipiki nyingi za wakati ule zilisimamisha silindri. Guzzi akailaza chini, kichwa kikaangalia mbele, karibu na gurudumu la mbele. Faida ni tatu. Ya kwanza, upepo unapiga moja kwa moja ku kichwa cha silindri, pale penye moto mukali, na moteri inapoa vizuri. Ya pili, uzito wote unakaa chini, na pikipiki inasimama imara mu mizunguko. Ya tatu, mutu anakaa chini na hana chuma kinachomuchoma magoti.

Kisha akatoa inje gurudumu zito la chuma linalosaidia moteri kuzunguka bila kurukaruka. Kwa wengine gurudumu lile lilifungiwa ndani ya sanduku ya moteri, na sanduku inakuwa kubwa na nzito. Guzzi akaliweka wazi, upande wa kushoto, likazunguka mbele ya macho ya kila mutu. Waitalia wakacheka na kusema ni mashini ya kukata nyama ya muchinja. Lakini lilikuwa kubwa, na moteri iliweza kwenda polepole sana, tuk, tuk, tuk, ku mulima na muzigo, bila kuzimika.

Jambo la tatu: bwati ya vitesi aliifunga pamoja na moteri, kitu kimoja, na nguvu ilipita kwa meno ya chuma yaliyo mu mafuta. Hapo wengine walikuwa wanatumia munyororo ao mukanda ulio wazi, unaokula vumbi na kukatika. Guzzi alibakiza munyororo moja tu, wa kwenda ku gurudumu la nyuma.

Vipimo vya silindri vilikuwa upana milimeta 88 na mwendo wa pistoni milimeta 82. Hii inatoa karibu sentimeta za ujazo 500. Nguvu ilikuwa nane ya farasi, na mwendo karibu kilometa 80 kwa saa. Tuweke vipimo vile mu kichwa, 88 na 82, tutavikuta tena mbele.

Mashindano, na ndugu mwenye kwenda mbali

Ravelli hakukuwa, lakini mupango wake wa mashindano ulibaki. Mwaka uleule 1921, Gino Finzi akapanda Normale na akashinda Targa Florio kule Sicilia. Kiwanda chenye miezi michache tu, na tayari watu wanauliza: hawa wa Mandello ni nani? Mu 1924, kule Monza, Guido Mentasti akashinda ubingwa wa Ulaya na pikipiki ya supape nne. Supape nne! Ile akili ya pikipiki ya kwanza, iliyokatazwa juu ya bei, ikarudi kwa mulango wa mashindano. Guzzi hakutupa kitu, aliweka tu mu kabati mupaka siku yake.

Carlo alikuwa na ndugu, Giuseppe, naye mwenye akili ya kuchora. Wakati ule pikipiki haikukuwa na resori nyuma. Shimo la barabara lilikuja moja kwa moja mu mugongo ya mutu. Watu walifikiri gurudumu la nyuma likicheza, pikipiki itayumba na kuangusha mwenyewe. Wandugu wa Guzzi wakatengeneza fremu yenye mukono wa nyuma unaopanda na kushuka, na resori zimefungiwa chini ya moteri. Watu hawakuamini.

Basi mu 1928 Giuseppe akapanda ile pikipiki na akatoka Mandello kwenda kaskazini, kaskazini, mupaka Cape Nord kule Norvejia, pale inchi ya Ulaya inakwisha na bahari ya barafu inaanza. Barabara zile, nyingi zilikuwa njia ya mawe na udongo tu. Akafika. Pikipiki ikapewa jina Norge, sawa ile ndege kubwa ya gazi iliyopita juu ya ncha ya kaskazini ya dunia mu 1926 na Muitalia Umberto Nobile. Hata vile, wanunuzi wa Norge walikuwa kidogo. Watu walisifu safari na wakabaki kununua pikipiki ngumu ya nyuma. Guzzi akangoja tena. Alikuwa mutu wa kungoja.

Sekunde nne

Sasa twende ku Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Irlandi, mu 1935. Pale kulikuwa, na kungali, mashindano makali kuliko yote, ku barabara za kweli, kati ya kuta za mawe, nyumba na milima. Waingereza walikuwa wafalme pale. Ku 500, tangu 1911 hakuna pikipiki ya inje iliyoshinda. Na Waingereza walikuwa wanasema fremu yenye resori nyuma si ya mashindano.

Guzzi akapeleka pikipiki mbili, zote na resori nyuma: ya 250, na ya 500 yenye silindri mbili zilizofunguka sana, nyuzi 120. Mwendeshaji alikuwa Muirlandi Stanley Woods, mutu aliyejua kisiwa kile sawa mukono wake. Ku 250 akashinda.

Ku 500 adui alikuwa Jimmie Guthrie na Norton, na Guthrie alikuwa mbele. Kila mutu alijua Woods hana esansi ya kumaliza, lazima atasimama mbele ya muzunguko wa mwisho. Watu wa Guzzi wakajitayarisha pale pa kusimama, wazi, ili Norton waone vizuri. Norton wakaona, wakahesabu, wakamupa Guthrie alama kama hana haja ya kujiua: adui atasimama. Guthrie akapunguza.

Woods hakusimama. Alipita pale sawa risasi na kuanza muzunguko wa mwisho na esansi aliyokuwa nayo. Ilikuwa imechelewa kumuambia Guthrie, yeye alikuwa tayari mbali mu milima. Guthrie akafika ku mwisho, watu wakamupigia mikono, wakubwa wakamupongeza. Juu kule hawaondoke pamoja, kila mutu anaondoka na saa yake, ikabidi kungoja. Woods akafika, saa ikahesabiwa: ameshinda kwa sekunde nne.

Tangu siku ile hakuna mutu aliyecheka resori ya nyuma. Miaka saba Giuseppe alikuwa amerudi toka Cape Nord na ukweli wake, na hakuna aliyemusikiliza. Sekunde nne zikamaliza maneno. Mu 1937 Omobono Tenni, Muitalia ku pikipiki ya Italia, akashinda kule ku 250, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Muitalia. Moto Guzzi ilikuwa sasa kati ya viwanda vikubwa kabisa vya pikipiki mu Italia.

Njaa, kazi na majina ya ndege

Vita ya pili ikakuja. Kiwanda kikatengeneza pikipiki za jeshi, Alce, na ile ya magurudumu matatu, Trialce. Wakati vita ilipoisha mu 1945, Italia ilikuwa imevunjika. Barabara mashimo, madaraja chini, esansi kidogo, feza haina. Nani atanunua pikipiki ya 500?

Hapa kiwanda kilionyesha kama kinajua watu wake. Mu 1946 kikatoa pikipiki ndogo ya 65, yenye moteri ndogo na mafuta yanayochanganywa na esansi. Nguvu mbili za farasi tu, karibu sawa kinga yenye moteri. Lakini ilipeleka mutumishi ku kazi asubuhi na ilimurudisha mangaribi, na ilikunywa kidogo. Waitalia wakaiita Guzzino, Guzzi mudogo. Iliuzwa sana. Kwa familia nyingi njo ilikuwa moteri ya kwanza kuingia mu kiwanja.

Mwaka uleule wakatoa Ercole, jina la mutu mwenye nguvu wa hadisi za zamani. Magurudumu matatu, sanduku kubwa nyuma, na moteri ile ile ya kulala. Ilibeba mawe, saruji, mbao, mboga, divai. Ilitengenezwa mupaka 1980. Leo tunaona mapikipiki ya magurudumu matatu yakibeba magunia mu miji yetu, na tunafikiri ni kitu cha juzi. Waitalia walijenga nyumba zao upya nayo.

Mu 1950 ikatoka Galletto, na hii Guzzi alichora mwenyewe. Wakati ule Vespa na Lambretta zilikuwa zimeshika vijana wote, magurudumu madogo, bati pembeni, mutu anakaa sawa ku kiti cha nyumba. Guzzi akaona magurudumu madogo yanaanguka mu mashimo. Akatengeneza kitu kati ya mbili: kukaa sawa Vespa, lakini magurudumu makubwa, na gurudumu la akiba limefungwa mbele. Mapadri wa vijijini waliipenda sana, juu mutu anaweza kupanda na kanzu yake.

Majina, tuyaangalie kidogo. Tangu alama ya tai, kiwanda kilipenda ndege wa angani: Airone ni korongo, Falcone ni kipanga, Galletto ni jogoo mudogo, Cardellino ni ndege mudogo wa kuimba. Falcone ilitoka mu 1950 pia, silindri moja, imelala, 88 na 82. Polisi na askari wa Italia waliipanda miaka mingi, na kila mutoto wa wakati ule alijua mulio wake kutoka mbali.

Mandello sasa iliishi juu ya kiwanda. Mamia ya familia walikula pale. Kulikuwa klabu ya watumishi ya kuvuta mashua ku ziwa, na hii haikukuwa mchezo wa Siku ya Mungu tu: mu 1948, ku michezo ya Olimpiki ya London, wanaume wane wa klabu ya Moto Guzzi wakapata medali ya zahabu. Sisi ambao tumekulia karibu na kazi kubwa, tunajua klabu ya kampuni ni kitu gani kwa watu wake. Mushahara unalisha tumbo, klabu inalisha jina.

Silindri munane, na uamuzi wa 1957

Kufikia miaka ya 1950, Guzzi alikuwa muzee, na kazi ya mashindano ilikuwa mu mikono ya kijana mwenye akili kali, injenieri Giulio Cesare Carcano. Wakajenga Mandello nyumba kubwa ya upepo ya kujaribu umbo la pikipiki. Ku 350 Moto Guzzi ikashinda ubingwa wa dunia miaka mitano mufululizo, toka 1953 mupaka 1957, na silindri moja iliyolala, wakati wengine wakiwa na silindri mbili na nne. Siri haikukuwa nguvu. Siri ilikuwa wepesi na upepo.

Lakini ku 500 wepesi haukutosha, na Carcano akafanya kitu ambacho mupaka leo mafundi wanakiangalia na kutikisa kichwa. Mu 1955 alitoa pikipiki ya silindri munane. Munane, mu nafasi ya 500! Kila pistoni ilikuwa ndogo kabisa. Ilifika kilometa 275 kwa saa, na pine na freni za wakati ule. Waendeshaji waliiheshimu na kuiogopa.

Wakati huo tayari Giorgio Parodi hakukuwa tena. Alikufa mu 1955, na ndugu yake Enrico akashika kampuni. Kwa Guzzi, aliyeondokewa na Ravelli mu 1919, sasa amebaki peke yake kati ya wale watatu wa Venezia.

Mwisho wa 1957, Moto Guzzi, Gilera na Mondial wakapatana kuacha mashindano ya dunia. Bei ilikuwa imepanda sana, na duka halikulipa tena. Watu walikuwa wanaanza kununua gari ndogo ya Fiat, yenye paa na nafasi ya watoto. Mutu mwenye bibi na watoto watatu, mvua inanyesha, atapanda Falcone ya nini? Haikukuwa kosa la fundi. Hali ya maisha ilikuwa imebadilika, na pikipiki ikatoka mu mahitaji na kuingia mu mapendo.

Guzzi mwenyewe alikuwa ametoa mu 1956 pikipiki yake ya mwisho, Lodola, ya 175. Ni ndogo, nyepesi, safi. Na tuone: silindri haikulala kabisa, imeinuka kidogo. Muzee alikuwa tayari kuacha hata kitu kilichomupa jina, kama aliona njia ingine ni nzuri. Mafundi wengi hawawezi hili.

Nyuma ya muzee

Carlo Guzzi alikufa tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1964, akiwa na miaka 75. Hakuona taabu iliyofuata. Mu 1966 kampuni ikashindwa kulipa, na familia ya Parodi ikapoteza mali. Wale wa Mandello wakakaa na woga ambao sisi tunaujua vizuri: kesho mulango utafunguliwa ao hapana? Mwanzo wa 1967, mwezi uleule ambao Union Minière ilikuwa imeondolewa huku kwetu, kampuni ya Guzzi nayo ilikuwa inangoja mwenyewe mupya. Ikapita mu mikono ya shirika la SEIMM, na mulango haukufungwa.

Kitu kilichoiokoa kilikuwa kimezaliwa tayari. Carcano, mbele ya kuondoka, alikuwa amechora moteri mupya, silindri mbili zilizofunguka nyuzi 90, moja kushoto moja kulia, zote mbili inje mu upepo, na muti wa chuma ku nafasi ya munyororo. Pikipiki ile ni V7, ya 703, iliyoonyeshwa Milano mwisho wa 1965 na kuuzwa toka 1967. Polisi wa Italia wakaichukua, na hata polisi wa Los Angeles kule Marekani. Kisha injenieri Lino Tonti akaishusha na kuifanya ya mbio: V7 Sport mu 1971, Le Mans mu 1976. Wenyewe walibadilika tena, De Tomaso mu 1973, Aprilia mu 2000, Piaggio mu 2004. Moteri ya silindri mbili ikabaki, na Mandello ikabaki.

Na 88 na 82? Ile silindri ya kulala ya 1921 haikukufa na muzee. Polisi na jeshi waliiomba tena, na mu 1969 ikatoka Nuovo Falcone, na vipimo vilevile, ikatengenezwa mupaka 1976. Miaka 55 kwa vipimo vya fundi moja, vilivyopatikana mu karakana ya muhunzi. Normale, neno lile la kawaida, lilidumu kushinda mashindano yote na mataji yote.

Leo mutu akienda Mandello, kiwanda kingali palepale kilipoanza. Barabara inayopita mbele ya mulango ina jina la muzee Parodi, mwenye feza. Pikipiki zinazotoka mu mulango zina jina la Guzzi, mwenye mikono. Na Ravelli, aliyekufa mbele ya pikipiki ya kwanza kuuzwa, yeye yuko ku kila tanki, na mabawa wazi.